Kioo Kizito Dirishani kwa Wifi

Wakala wa mtaa wa pili alivamiwa saa moja jioni na watu waliokuja na bodaboda, mmoja wao ameshika bunduki. Hawakumuua. Lakini risasi moja ilipita kioo cha dirisha, ikatoboa kalenda ukutani, na mwenyewe hakufungua tena ofisi ile. Nyumbani kwetu Mbagala usiku huo hakulala mtu, kwa sababu wifi yangu naye ni wakala. Chumba cha mbele, kilichokuwa sebule enzi za marehemu baba, ndicho ofisi yake. Anatoa na kuweka pesa, anauza vocha na umeme wa Luku, na mchana kutwa kashi iko kwenye droo iliyo mbele ya magoti yake. Kati yake na barabara palikuwa na nondo, kioo chembamba cha dirisha na tundu la kupitishia noti.

Kaka alikaa kibarazani mpaka usiku mkubwa, kisha akaingia ndani na kutamka, "Naweka kioo kisichopenya risasi."

Mama akamuuliza pesa ziko wapi.

"Zitatafutwa, Mama. Mama Salma hawezi kupigwa risasi kwa ajili ya floti."

Neno lile nampendea kaka mpaka leo. Na kwa kuwa nimeishi na jambo hili tangu mwanzo wake, nalieleza lilivyokwenda, kwa ajili ya kila nyumba yenye mtu anayeshinda nyuma ya dirisha akihesabu pesa za watu.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana mwenye roli la plastiki angavu, ile wanayobandika kwenye magari na madirisha ya maduka. Alikuja na video kwenye simu: mtu anapiga kioo kwa nyundo, kioo kinapasuka lakini hakianguki. "Nyundo haipiti, tofali halipiti, risasi haipiti," akasema. Kaka akalipa. Plastiki ikabandikwa upande wa ndani, ikalainishwa kwa mpira mpaka mapovu yakaisha, na kijana akaenda zake.

Haukupita muda, watoto wakicheza mpira uani kwa jirani walilipiga dirisha lile kwa shuti. Kioo kilipasuka chote, mistari ikatapakaa toka kona hadi kona, lakini hakuna hata kipande kilichomfikia Salma, mtoto wa kaka, aliyekuwa amelala kwenye mkeka chini yake. Mama alimshukuru Mungu, na alikuwa na haki. Plastiki ile ilifanya kazi yake yote siku hiyo. Tatizo ni kwamba kaka alikuwa ameuziwa kazi nyingine.

Aliyetufungua macho ni mjomba, mdogo wake mama. Mjomba amefanya kazi miaka mingi Ras al-Khaimah, kwenye Falme za Kiarabu, katika kiwanda kinachovisha magari chuma na vioo vya kuzuia risasi. Kule ni biashara kubwa. Magari yanayotoka viwanda vya Falme huonekana hata huku kwetu, yakibeba mabalozi, watu wa mashirika na fedha za benki. Alipokuja likizo, Salma akamwamkia, akamjibu, kisha macho yakatua dirishani. Akabonyeza plastiki kwa kidole gumba.

"Hii inashika vipande, mpwa wangu. Ni kitu kizuri. Risasi haina habari nayo."

Usiku ule alitukalisha wote mkekani. Akaomba madaftari ya Salma na mifuko ya nailoni, akapanga: daftari, nailoni, daftari, nailoni, daftari. Kioo cha risasi, akasema, ni hivyo, na siri haiko kwenye daftari lolote moja. Vioo vyenyewe ni vya kawaida kabisa, vya aina ile ile inayouzwa madukani, ila vinene zaidi. Hutengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bahari ndogo ya bati la kuyeyuka, kikaelea, kikatandazika na kuganda kikiwa kimenyooka. Njia hiyo ilitangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na ndiyo inayotumika duniani kote. Kinachofanya kazi ya pekee ni kile kinachokaa kati ya kioo na kioo.

Wazo lenyewe lina zaidi ya karne. Mwaka 1903 huko Ufaransa, Édouard Bénédictus, mkemia ambaye pia alikuwa msanii, aliangusha chupa ya maabara. Ikapasuka lakini isitawanyike. Ndani yake dawa ya selulosi ilikuwa imekauka na kuacha utando uliovishika vipande. Mwaka 1909 akaweka hataza ya kioo cha tabaka: kioo, utando, kioo. Kikaitwa Triplex, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia kilitumika kwenye macho ya barakoa za kujikinga na gesi. Siku hizi utando ule umebadilika, unaitwa PVB, na ndio ulio kwenye kioo cha mbele cha kila gari unalopanda. Tofauti na roli la yule kijana ni kwamba PVB haibandikwi nje. Inapikwa pamoja na vioo mpaka vinakuwa mwili mmoja.

Hapo mjomba alichangamka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Vioo hukatwa kwanza kwa vipimo kamili vya dirisha, kingo zikasagwa, vikaoshwa kwa maji yaliyoondolewa chumvi zote, maana chumvi ikibaki utando haushiki sawasawa. Kisha vinaingizwa kwenye chumba chenye ubaridi na unyevu unaopimwa. Humo watu huvaa glovu, kofia na makoti meupe, na anayekuna kichwa hutolewa nje. Unywele ukinaswa kati ya matabaka umekaa humo milele. PVB huja kwenye maroli, karatasi moja ikiwa na unene wa milimita 0.38, nyeupe kama ya ukungu. Hutandikwa juu ya kioo, kioo kingine kikalazwa juu yake, tena utando, tena kioo. Mwisho wa yote, upande utakaomtazama mtu anayelindwa, huwekwa bamba la polikaboneti, plastiki ngumu iliyogunduliwa mwaka 1953 na watu wawili wasiojuana: Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani.

"Na hapo," mjomba akasema, "PVB haifai tena." Mafuta yaliyomo kwenye PVB huila polikaboneti. Isitoshe, joto likipanda, polikaboneti hutanuka mara saba hivi kuliko kioo; ukivibana pamoja kwa kitu kigumu vitaachana. Kwa hiyo kati ya kioo cha mwisho na polikaboneti huwekwa utando mwingine laini zaidi wa poliurethani, unaokubali kuvutwa huku na huku.

Rundo lote hufungwa ndani ya mfuko, hewa ikanyonywa mpaka mfuko ukagandamana na kioo. Kisha linaingia otoklevu, pipa kubwa la chuma lenye mlango wa makomeo. Humo joto hupandishwa, kwa kazi ya PVB hufika nyuzi 140 hivi, na hewa hukandamiza kwa nguvu inayozidi mara kumi ile tunayoishi nayo. Ule weupe wa ukungu huyeyuka, na utando ukawa angavu kabisa. Rundo nene hukaa humo saa nyingi, na kupozwa ni polepole, maana ukiharakisha linapasuka au linabaki na msongo ndani. Mjomba amewahi kuona kioo cha gari zima kikitolewa kikiwa na povu moja dogo pembeni, kikaenda kuvunjwa.

Risasi ikija, kioo cha nje huipokea kwa ugumu wake. Kinasagika, lakini nacho kinaibonda risasi na kuitanua kichwa. Kila tabaka linalofuata hulipunguza lile pigo na kulitawanya, PVB ikishikilia unga na vipande visiondoke mahali pake. Kilichobaki kinafika kwenye polikaboneti, nayo haivunjiki. Inavimba kwa ndani na kukidaka.

Kaka alisikiliza yote. Alipouliza bei na kutajiwa, alinyamaza. Mjomba akasafiri kwenda Tanga msibani, na ndipo dalali mmoja wa vifaa chakavu alipompigia kaka simu: kuna kioo cha risasi kilichotolewa kwenye ofisi inayofumuliwa, kinatoka kwa bei ya kutupa.

Kililetwa na Kirikuu, na springi za gari zilikuwa zimelala. Upana karibu mita moja, urefu kidogo zaidi, unene kama upana wa vidole viwili. Hesabu ya kioo ni rahisi: kila milimita moja ya unene kwenye mita moja ya mraba ina kilo mbili na nusu. Kile kilizidi kilo 100. Vijana wa kijiweni walikibeba kwa kamba na magunia, wakipumzika kila hatua chache, mama akiwasomea dua toka mlangoni. Hakikuwa na karatasi. Hakikuwa na chapa wala namba kwenye kona. Dalali alipoulizwa kinazuia bunduki gani, alijibu, "Zote."

Fundi wa aluminiamu akapima tundu la dirisha, kioo kikazidi kidogo. Akachukua grenda. Kioo cha aina hii hakikatwi kwa fundi wa mtaani. Hutoka kiwandani na vipimo vyake na kingo zake zimezibwa, unyevu usiingie kati ya matabaka. Diski ilikula kioo cha kwanza kwa vumbi jeupe, ikafika kwenye polikaboneti, plastiki ikayeyuka na kuganda kwenye diski, na ufa ukakimbia toka kona ile mpaka katikati. Fundi akazima mashine. Ikabidi ukuta uvunjwe badala ya kioo kukatwa. Kikaingizwa kwenye fremu ya aluminiamu ya dirisha la kawaida, silikoni ikapakwa pande zote, na kwa kuwa upande mmoja ulikuwa laini na wa kupendeza zaidi, fundi akaugeuzia barabarani wateja wauone.

Jioni ile wifi alikaa nyuma yake akiwa na furaha ambayo nilikuwa sijaiona tangu jirani avamiwe. Binti anayetusaidia kazi akataka kumfurahisha zaidi. Akaona michirizi ya silikoni upande wa nje, akachovya kitambaa kwenye tina ya rangi na kusugua. Michirizi ikatoka. Mahali ilipokuwa pakabaki ukungu, na kabla ya siku kwisha ukungu ukawa vijistari vidogo vingi, kama ngozi iliyokauka. Wateja wakawa vivuli. Wifi akawa anauliza mtu jina lake mara mbili huku ameinamisha kichwa karibu na tundu la noti, mahali pekee alipoweza kumwona uso.

Mjomba aliporudi hakuvua hata koti. Aligonga kioo kwa sarafu upande wa nje, sauti ikatoka butu. Akaingia ndani, akagonga, ikatoka kali. Akakaa kwenye kigoda.

"Mmekiweka kinyume."

Polikaboneti ilikuwa nje na kioo ndani. Risasi ikipiga upande wa plastiki, pigo hupita, na kioo cha nyuma hupasuka kuelekea ndani: vipande vinamrukia usoni aliyekaa pale. Tena polikaboneti haivumilii tina, petroli wala dawa za madirisha zenye amonia. Inataka maji, sabuni laini na kitambaa laini. Kona iliyoliwa na grenda ilikuwa imeshaanza kuwa nyeupe, unyevu wa pwani ukiingia kati ya matabaka. Fremu ya aluminiamu, tupu ndani, ilikuwa imepinda chini kwa uzito.

Halafu mjomba akainama. Chini ya dirisha ilikuwa meza ya wifi, na mbele yake, upande wa barabara, fundi alikuwa amefunika mahali palipovunjwa ukuta kwa plaiwudi nzuri iliyopakwa vanishi. Mjomba akaigonga kwa ngumi.

"Na hapa je?"

Nyuma ya plaiwudi ile ndipo yalipo magoti ya wifi, tumbo lake na droo ya kashi. Hakuna aliyejibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumenunua kioo wakati tulichohitaji ni ukuta wenye mahali pa kuonea. Kioo, fremu, nanga zinazoshika fremu, meza, tundu la noti: risasi hutafuta palipo laini, na pakiwa laini mahali pamoja tu, fedha zote zilizobaki zimepotea.

Kaka hakukata tamaa. Kupitia rafiki wa mjomba, aliomba bei ya kitu kipya kutoka Falme. Jibu lilikuja kwa swali: mnajikinga na silaha gani?

Swali hilo ndilo msingi wa biashara nzima. Ulaya wana kipimo kiitwacho EN 1063, chenye madaraja kutoka BR1 mpaka BR7, na mawili mengine ya bunduki za kuwindia za aina ya shotigani. BR2 ni bastola ya milimita 9. BR4 ni bastola nzito ya Magnum .44. Kuanzia BR5 ni bunduki za kivita, na BR7 ni risasi yenye kiini kigumu cha kutoboa chuma. Kipande cha nusu mita kwa nusu mita hupigwa risasi tatu kwenye ncha za pembetatu, na nyuma yake hutandazwa karatasi nyembamba ya aluminiamu kuona kama vipande vinaruka. Marekani wana kipimo chao, UL 752. Kote huko kioo hupewa idadi ya risasi kilizovumilia. Hakuna kinachoitwa kisichopenya milele.

Na bunduki inayotisha Afrika Mashariki, AK-47, haimo kwenye EN 1063. Iko kwenye vipimo vya VPAM, vya Ujerumani, daraja la 6. Hili si jambo dogo. Risasi ya bastola ya milimita 9 na ile ya AK zina uzito unaokaribiana, gramu 8 hivi, lakini ya kwanza hupigwa kwenye jaribio kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde, na ya AK hutoka kwa mita 700 na zaidi. Nguvu yake ni mara tatu. Mtu aliyenunua kioo cha bastola, na akafurahia cheti halali kabisa, bado yuko wazi mbele ya AK. Kioo cha bastola huwa na unene wa sentimita mbili au tatu; cha bunduki za kivita hufika nne mpaka saba. Kuna pia bamba tupu la akriliki, linalowekwa kwenye kaunta za benki. La milimita 32 hutimiza daraja la kwanza la UL 752, yaani bastola ya milimita 9, basi.

Bei hupanda na daraja. Marekani, ambako hutajwa kwa futi ya mraba, kioo cha aina hii hutajwa kati ya dola 25 na 100, na cha silaha kubwa huzidi. Kwa mita ya mraba ni kama dola 270 mpaka 1,080. Mchanga na plastiki vyenyewe havigharimu kiasi hicho. Unalipia saa za otoklevu, kila kipande kupikwa kwa vipimo vya mteja mmoja, vilivyoharibika vikavunjwa, na vipande vilivyopigwa risasi maabara ili chako kipate cheti. Ongeza sanduku la mbao, meli, ushuru, fremu ya chuma, na winchi ya kukiinua. Kwetu fremu na usafiri vilikaribia bei ya kioo chenyewe.

Wifi aliichukua karatasi ya bei iliyotoka Falme, akaingia chumbani na daftari lake la kamisheni. Alipotoka alikuwa ameshaamua, na kaka kwa mara ya kwanza katika safari hii nzima alikaa kimya akamsikiliza mkewe.

"Baba Salma, nashukuru kwa moyo wako. Lakini kwa pesa hizi nitafanya kazi miaka kulipia dirisha. Wakija na bunduki nitawapa kilichomo. Tupunguze kilichomo."

Ndivyo ilivyo sasa. Kashi inapelekwa benki mchana, si jioni. Ofisi inafungwa kabla ya Magharibi. Ukuta umejengwa upya kwa tofali na zege, meza imesogezwa pembeni asikae mkabala na tundu. Dirishani kuna kioo cha tabaka cha kawaida, chenye PVB, kinachouzwa mjini kwa bei inayovumilika na kinachoshika vipande. Kile kizito hakuna aliyetaka kukinunua tena. Mjomba alikataza kisiuzwe kama kioo cha risasi, na kaka akakubali.

Sijasema watu wasinunue. Benki inahitaji, duka la dhahabu linahitaji, na kuna wakala anayeshika fedha nyingi kiasi cha kustahili gharama hiyo. Wewe uliye hivyo, taja kwanza silaha unayoiogopa, na kama ni AK, iseme kwa jina. Dai cheti cha jaribio chenye daraja, na kama mtu wako hukaa karibu na kioo, kiwe na herufi NS, maana yake vipande havikuruka kwa ndani. Uliza upande upi uelekee barabarani, na mwombe muuzaji auandike kwenye kioo chenyewe kabla hakijatoka dukani. Nanyi wauzaji, nawaomba mfanye hivyo bila kuombwa. Wenzetu wanakaa nyuma ya vioo hivyo kuanzia asubuhi.